Kugeuza gereji kuwa chumba: kibali huanzia kwenye futi kamba

Gereji ninayoizungumzia hapa ni banda la kuegeshea gari nyumbani, si ile ya mafundi magari. Ukilitazama haraka unaona nusu ya kazi imeshakwisha: kuta zipo, paa lipo, zege la sakafu lipo. Ndiyo maana watu wengi huanzia kwenye rangi na samani, kibali wakakiona kama muhuri wa kugongwa mwishoni. Lakini kwenye faili la mamlaka, unachoomba ni kwamba mahali palipoidhinishwa kuwekwa gari sasa paidhinishwe kulala mtu. Masharti ya mwanga, hewa, unyevu, moto na njia ya kutokea, ambayo gereji ilikuwa imesamehewa, yanaanza kudai siku hiyohiyo.

Majibu ya karibu masharti yote hayo yako sehemu mbili: usawa wa sakafu na uwazi wa mlango wa gari. Ukizipima hizo kabla mchoraji hajashika kalamu, ombi huenda moja kwa moja. Ukiziacha zipimwe na fundi siku ya kazi, utaishia na ramani iliyoidhinishwa ambayo haijengeki.

Anza na faili la zamani

Mahali pengi kuna ruhusa mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya mipango miji: je, eneo linaruhusu matumizi hayo, na gari litalala wapi? Nyingine ni ya ujenzi: je, chumba kitakuwa salama kukaliwa? Unaweza kusamehewa ya kwanza ukadaiwa ya pili. Uingereza ndivyo ilivyo kwa kawaida: kazi ikibaki ndani ya kuta zilizopo, mara nyingi kibali cha mipango hakihitajiki, ila idhini ya kanuni za ujenzi haikwepeki. Hata msamaha huo unaweza kuwa ulishafutwa zamani na sharti moja kwenye kibali cha awali cha nyumba, kwamba gereji itabaki ya gari siku zote. Sharti la namna hiyo halionekani ukutani. Linaonekana kwenye karatasi tu.

California imeshika njia yake. Tangu 2020 sheria ya jimbo inazizuia serikali za mitaa kudai nafasi mbadala ya maegesho pale gereji inapogeuzwa kuwa makao ya pili ya kujitegemea kwenye kiwanja, na jengo lililopo halidaiwi umbali mpya kutoka mpakani. Ombi lililokamilika linapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kwingineko, kupoteza nafasi moja ya gari kunatosha kulikwamisha ombi zima. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuitafuta ni ramani iliyoidhinishwa ya nyumba yenyewe pamoja na masharti yake, na ya pili ni kanuni ya maegesho ya eneo hilo.

Halafu mpaka. Gereji nyingi zimejengwa zikigusa mpaka wa jirani kwa sababu kanuni huwa nyepesi kwa mabanda kuliko kwa nyumba. Likishakuwa chumba cha kukaa, ule ukuta wa mpakani unaulizwa maswali ya moto. Kanuni ya kielelezo ya makazi inayotumika sehemu kubwa ya Marekani, IRC, inataka ukuta ulio chini ya sentimita 152 kutoka mpakani uhimili moto kwa saa moja kama nyumba haina mfumo wa kujinyunyizia maji, na hairuhusu dirisha lolote ukuta ukiwa chini ya sentimita 91. Mwenye gereji ya mpakani anayeota dirisha upande wa jirani aisahau ndoto hiyo mapema. Mwanga utatoka upande wa mlango wa gari, upande wa nyuma, au juu paani.

Jambo jingine la kuamua kabla ya kujaza fomu: je, hiki ni chumba cha nyumba ileile, au ni makao yanayojitegemea? Bafu peke yake kwa kawaida halileti mzozo. Jiko ndilo linalovusha mstari. Likiingia, mamlaka inaweza kuhesabu kaya ya pili, na kaya ya pili huja na masharti ya kuzuia moto na sauti baina ya pande mbili, njia yake ya kuingilia, na pengine mita yake. Kuandika "stoo" au "ofisi" kwenye mchoro wa chumba chenye bafu na kabati la nguo ni ujanja ambao maofisa wameuona mara nyingi. Ukipita, unakugeukia siku ya kuuza, kwa sababu huwezi kukitangaza kuwa chumba cha kulala kitu ambacho cheti kinakiita stoo.

Kama nyumba ina mkopo wa benki, imo kwenye umoja wa wakazi, au ina bima, wote hao waandikiwe kabla ya kazi. Barua tatu fupi zinatosha.

Sentimita za sakafu

Sakafu ya gereji hujengwa ikiteremka kuelekea mlangoni ili maji ya gari yatoke. Mteremko wa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2, maana yake kwenye gereji ya mita 6 sakafu ya mlangoni iko chini kuliko ya nyuma kwa milimita 60 hadi 120. Jicho haliuoni mteremko huo. Kitanda kinauona.

Pima hivi. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji bila kuacha mapovu, na uhamishe alama moja ya usawa kwenye pembe zote nne, pande mbili za mlango wa gari, na pembeni mwa mlango unaoingia ndani ya nyumba. Kutoka kwenye kila alama pima chini hadi sakafuni na juu hadi upande wa chini wa boriti za paa. Andika pia sakafu ya nyumba iko wapi ukilinganisha na alama hiyo, na ardhi ya nje iko wapi. Kazi ya saa moja, na ndiyo itakayobeba mchoro wote wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa wima.

Chukua mfano. Gereji ni mita 3 kwa 6 kwa ndani. Sakafu inashuka milimita 90 kutoka nyuma hadi mlangoni. Nyuma kabisa, kutoka kwenye zege hadi boriti ni milimita 2500. Sakafu ya nyumba iko milimita 150 juu ya zege la nyuma. Usawa mpya wa sakafu lazima uanzie kwenye sehemu iliyo juu kuliko zote, yaani nyuma, na kosa la kawaida ni kuhesabu kutoka mlangoni kwa sababu ndiko watu wanakosimama. Juu ya sehemu hiyo unaweka nailoni ya kuzuia unyevu, bodi za povu milimita 70, zege laini la juu milimita 70, na vigae pamoja na gundi milimita 10. Jumla 150, sawasawa na sakafu ya nyumba, hakuna ngazi. Toa milimita 15 za dari, unabaki na kimo cha milimita 2335. IRC inataka angalau milimita 2134 kwa chumba cha kukaa, kwa hiyo umepita. Lakini mahali panapotakiwa mita 2.4 ungekuwa umeanguka, na suluhisho lingekuwa kupunguza povu au kukubali ngazi moja mlangoni.

Ule mteremko nao unadai malipo yake. Kabari ya kusawazisha, yenye wastani wa milimita 45 kwa mita za mraba 18, ni mita za ujazo 0.81 za zege, karibu tani mbili. Lile zege laini la juu ni mita za ujazo 1.26, kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, ni karibu mifuko 10 ya kilo 50. Mzigo huo unakalia zege la zamani ambalo mara nyingi lina unene wa milimita 100 tu, kwa hiyo kama lina nyufa pana au linatoa mlio wa utupu ukiligonga kwa nyundo, mwite mhandisi kabla ya kuliongezea chochote. Penye joto la mwaka mzima, povu la sakafuni halina kazi kubwa; afadhali gharama hiyo iende darini.

Kukauka kuna kanuni yake: siku moja kwa kila milimita kwa milimita 50 za mwanzo, baada ya hapo taratibu zaidi. Zege laini la milimita 70 likiwekewa sakafu ya mbao baada ya mwezi mmoja, mbao zitanyanyuka.

Unyevu, mafuta, na ile barabara ya gari

Usiulize kama gereji ina tabaka la kuzuia unyevu chini ya zege. Chukulia halipo, kisha jaribu. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya zege, ziba kingo zote nne kwa utepe, uache angalau saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, unyevu unapanda. Fanya hivyo sehemu tatu, moja iwe karibu na mlango. Nailoni ya sakafu iwe ya mikroni 300, ipishane sentimita 15 kwenye viungo na kufungwa kwa utepe wake, na ipande ukutani hadi ikutane na tabaka la kuzuia unyevu la ukuta. Inapoishia sakafuni bila kupanda, maji hupata mwanya wa kuingia pembeni, na miezi michache baadaye rangi inabanduka kwa mstari mmoja ulionyooka, sentimita chache juu ya sakafu. Ukiuona mstari huo kwenye nyumba yoyote, unajua kilichosahaulika.

Mafuta ya injini yaliyozama kwenye zege hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Gundi ya vigae na zege jipya havishiki juu yake. Chimbua doa hadi ufikie zege safi, ulijaze upya. Njia nyingine ni kuweka nailoni na povu juu yake, ili sakafu mpya isitegemee kushikana na ile ya zamani.

Jambo linalosahaulika kuliko yote liko nje. Barabara ya gari inafika mlangoni ikiwa usawa mmoja na zege la gereji, la sivyo gari lisingeingia. Ukijenga ukuta hapo, ardhi ya nje inakuwa imegusa ukuta wa chumba, wakati kanuni ya kawaida ni tabaka la kuzuia unyevu liwe angalau milimita 150 juu ya ardhi. Kwa hiyo ama unachimba na kuishusha barabara karibu na ukuta, ama unaacha mfereji wenye wavu mbele ya ukuta wote, wenye upana wa milimita 100 au zaidi na pa kumwagia maji. Mchoro usioonyesha usawa wa nje mbele ya ukuta mpya unastahili kurudishwa, na mkaguzi makini huurudisha.

Kuziba mlango wa gari

Hapa ndipo ramani nzuri huharibika. Watu huchora ukuta mpya juu ya mstari wa mlango kana kwamba chini yake kuna msingi. Mara nyingi msingi wa kuta za pembeni huishia kwenye nguzo za mlango, na katikati kuna ukingo wa zege la sakafu peke yake. Ukuta wa tofali ukiketi hapo unazama kidogo kuliko majirani zake, na baada ya mvua za mwanzo ufa unasimama wima pande zote mbili, pale tofali jipya linapokutana na la zamani. Plasta haiuzibi ufa huo. Inauficha hadi mwaka unaofuata.

Chimba shimo la kupimia, sentimita 40 kwa 40, ubavuni mwa nguzo moja ya mlango hadi uone chini ya msingi. Piga picha futi kamba ikiwa ndani. Ukishajua, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni msingi mpya wa ukanda. Kwa uwazi wa mita 2.4, ukanda wa upana wa milimita 500 na unene wa 200 ni mita za ujazo 0.24 tu za zege, kwa hiyo si zege linaloleta ugumu. Ugumu ni kina: shuka sawa na msingi wa zamani, usishuke chini yake bila mhandisi, maana utauondolea udongo unaoushikilia. Toboa msingi wa zamani pande zote mbili, ingiza nondo za milimita 12 kwa gundi ya epoksi, ziingie pia kwenye zege jipya.

Njia ya pili ni linta (boriti ya kuvukia uwazi) ya zege iliyotengenezwa tayari, ilazwe chini ya usawa wa ardhi ikiegemea misingi iliyopo. Kwa uwazi wa mita 2.4 unahitaji linta ya mita 2.7, ili ikalie milimita 150 kila upande. Ni ya haraka na safi, lakini inategemea misingi ya pembeni kuwa na mahali pa kuikalisha, jambo ambalo ni lile shimo lako pekee litakalolijibu. Njia ya tatu ni ukuta mwepesi wa fremu ya mbao au chuma uliofunikwa kwa bodi, ukikalia ukingo wa sakafu. Mimi huipendelea hii pale dirisha au mlango wa kioo unapochukua sehemu kubwa ya uwazi, kwa sababu kinachobaki cha kujengwa ni kidogo mno kustahili kuchimbiwa.

Kwa tofali, ukuta mpya ushikwe na wa zamani kwa reli za chuma zilizofungwa kwa boliti, zenye vishikio kila safu mbili au tatu za tofali. Linta iliyopo juu ya mlango wa gari iache ilivyo, ila ikaguliwe: ya mbao inayooza au ya chuma iliyovimba kwa kutu ibadilishwe sasa, kabla dirisha halijafungwa chini yake.

Kuta, paa, dirisha

Ukuta wa gereji mara nyingi ni wa tofali moja, milimita 100 hivi, na mvua ya kusukumwa na upepo hupita. Dawa ya kawaida ni ukuta wa pili wa ndani: nafasi ya hewa milimita 50, fremu milimita 90 yenye sufi ya kuzuia joto, bodi ya jipsamu milimita 12.5. Jumla ni kama milimita 150. Gereji iliyoshikana na nyumba kwa ubavu mmoja inapoteza hizo kwenye kuta tatu, kwa hiyo mita 3 kwa 6 inakuwa 2.85 kwa 5.70, yaani mita za mraba 16.2 badala ya 18. Mchoro uandikwe vipimo hivyo vya mwisho. Samani zinanunuliwa kwa hivyo, na dirisha linakokotolewa kwa hivyo.

Tuseme kanuni inadai kioo cha asilimia 8 ya eneo la sakafu na sehemu ya kufunguka ya asilimia 4, kama IRC: unahitaji mita za mraba 1.30 za kioo na 0.65 za kufunguka. Dirisha la 1.8 kwa 1.2 lina mita za mraba 2.16, linaonekana limezidi sana. Toa fremu ya milimita 60 kuzunguka, mhimili wa katikati wa 60, na mbao za vipande viwili vinavyofunguka vya milimita 50: kioo kinachobaki ni 1.39. Umepita kwa chupuchupu, na mahali panapodai asilimia 10 ungekosa. Wakokotoaji wengi hutumia ukubwa wa tundu ukutani, na hapo ndipo wanapokamatwa.

Chumba cha kulala kinahitaji pia dirisha la kutokea wakati wa moto. Uingereza inataka uwazi wa mita ya mraba 0.33, usiopungua milimita 450 kwa upana wala kwa kimo, na ukingo wa chini usiozidi milimita 1100 kutoka sakafuni. IRC inataka mita ya mraba 0.53 (0.46 kwa dirisha lililo karibu na usawa wa ardhi), upana usiopungua milimita 508 na kimo 610, ukingo usiozidi milimita 1118. Angalia mtego: 450 kwa 450 ni 0.20 tu. Vipimo vya chini havitumiki vyote kwa pamoja. Ukichukua upana wa 450, kimo lazima kifike karibu 735. Grili ya dirisha hilo ifunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Iliyochomelewa moja kwa moja inaliondolea dirisha kazi yake yote.

Kenchi zisikatwe ili kupata dari ya juu. Boriti ya chini ya kenchi ndiyo inayozuia paa lisisukume kuta nje; anayeitaka dari iliyopanda alete hesabu za mhandisi. Kama paa ni la mashiti ya asbesto, usitoboe, usivunje, usipige msasa. Kuyaondoa ni kazi ya watu waliofunzwa, na mahali pengine lazima wawe na leseni.

Ukibakiza sehemu ya gereji kwa gari, ukuta wa kutenganisha upande wa gari uwe wa kuhimili moto kwa muda ambao kanuni ya eneo inautaja, mlango ujifunge wenyewe, na usifunguke moja kwa moja kwenye chumba cha kulala. Sakafu ya upande wa gari ibaki chini kwa milimita 100 ili mvuke wa petroli usitiririke ndani.

Bafu, kama lipo

Swali moja tu linaamua bafu liwe wapi: chemba ya maji taka iko kina gani? Fungua kifuniko, pima kutoka usawa wa sakafu mpya hadi chini ya bomba ndani ya chemba. Tuseme ni milimita 400, na choo kitakuwa mita 7 kutoka hapo. Bomba la milimita 110 linaanza milimita 250 chini ya sakafu. Kwa mteremko wa 1 kwa 40 litashuka 175 zaidi, lifike 425. Limeipita chemba. Kwa 1 kwa 80 litashuka 88, lifike 338, linaingia. Mteremko huo unakubalika kwa bomba la choo, ila fundi alaze bila kuacha tumbo, la sivyo uchafu unakaa. Ikishindikana hata hapo, sogeza choo karibu na chemba kabla hujafikiria pampu ya kusaga. Pampu hufanya kazi, lakini siku umeme ukikatika choo nacho kinakatika.

Zege likikatwa kupitisha bomba, nailoni inakatwa nayo. Kiraka chake kipishane angalau sentimita 15 pande zote. Bomba likipita kwenye msingi liachiwe nafasi ya milimita 50 kulizunguka, ili nyumba ikitulia isilibane. Feni ya kutoa hewa bafuni, Uingereza, ni lita 15 kwa sekunde, na hewa itoke nje kabisa. Inayoishia juu ya dari inaozesha kenchi.

Umeme na gesi

Waya uliokuwa unalisha taa moja na soketi moja haubebi chumba. Mkondo wa ampia 20 kwa volti 230 ni wati 4600: birika la wati 2000, pasi ya 2000 na kiyoyozi kidogo cha 1100 tayari vimeshapita. Hita ya kuogea ya papo hapo ya wati 7500 inavuta karibu ampia 33 peke yake, kwa hiyo inahitaji laini yake kutoka kwenye kabati kuu la umeme, waya wa milimita za mraba 6 au 10 kutegemea umbali na jinsi ulivyopitishwa. Kila laini ya soketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Na kama kabati la umeme liko gereji, liangalie kwanza: bafuni na ndani ya kabati la nguo halikai.

Hita ya gesi iliyokuwa gereji ilikuwa inavuta hewa kutoka kwenye mianya ya mlango wa gari. Ukiuziba mlango, umeifungia pumzi, na inaweza kuanza kutoa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Ihamishwe nje au ibadilishwe kwa aina inayovuta hewa kutoka nje kwa bomba lake. Hapa sioni pa kupatana.

Kifurushi cha ombi

Ramani ya kiwanja kwa kipimo cha 1:200 au 1:500, ikionyesha mipaka, umbali, na mahali gari litakapoegeshwa. Ramani za sakafu za sasa na za baadaye kwa 1:50. Sura za nje za sasa na za baadaye kwa 1:100. Mkato mmoja kwa 1:50 unaopita kwenye mlango wa gari, kuanzia barabara ya nje hadi nyuma, wenye matabaka yote yameandikwa unene. Maelezo ya karibu ya msingi mpya na kiungo cha sakafu na ukuta kwa 1:10. Hati ya umiliki, barua ya mhandisi kama umegusa msingi au paa, na picha za shimo la kupimia. Ule mkato ndio watu huuacha, na ndio wenye majibu ya maswali mengi ya mkaguzi. Kwa Uingereza, ukipeleka ramani kamili jibu linatakiwa ndani ya wiki 5, au muda mrefu zaidi mkikubaliana. Faili lenye mapengo husubiri maswali yaishe.

Ukaguzi hufuata kinachofunikwa: mtaro wa msingi kabla ya zege, nailoni kabla ya sakafu, mabomba kabla ya kufukiwa, nyaya na sufi kabla ya jipsamu, kisha cheti cha kukamilika. Fundi anayefukia bomba Jumamosi wakati mkaguzi anakuja Jumatatu amekutafutia kazi ya kufukua.

Kama chumba kimeshajengwa bila kibali

Nchi nyingi zina njia ya kuhalalisha. Uingereza kuna cheti cha kurekebisha kwa kazi iliyofanyika kuanzia tarehe 11 Novemba 1985. Mkaguzi ataomba kufunuliwa sehemu chache: kipande cha jipsamu kwenye ukuta wa nje, shimo mbele ya ukuta ulioziba mlango, soketi moja au mbili, kifuniko cha chemba. Chagua mwenyewe sehemu za kufungua, nyuma ya kabati au chini ya dirisha, umwoneshe kabla hajachagua yeye. Kama una picha za siku ya ujenzi zenye futi kamba ndani yake, zichapishe na kuziandika namba zinazolingana na alama kwenye ramani ya sakafu. Kila picha inayokubaliwa ni tundu moja lisilotobolewa.